UCHAGUZI HUAMULIWA LINI?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Mfaranyaki, Songea



Mwanafunzi wa shule yetu akiulizwa ni nani aliyeshinda uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1960, atajibu mara moja, "TANU." Akiulizwa habari za 1995, atasema, "Mkapa wa CCM." Majibu hayo ni sahihi, na katika mtihani yatampa alama zake. Lakini mwulize swali la pili: alishindaje? Hapo wengi wetu hunyamaza, au hujibu kwa mkato kwamba alipata kura nyingi. Mimi nasema jibu hilo ni nusu tu, tena ni ile nusu iliyo nyepesi. Maana kabla mpiga kura wa kwanza hajatia karatasi yake sandukuni, watu wengine wamekwisha kukaa mezani na kuamua nani apige kura na nani asipige, majina ya nani yaandikwe kwenye karatasi, mipaka ya majimbo ipite wapi, na hesabu ifanywe kwa kanuni gani. Mtu asiyeyajua hayo hawezi kusema ameujua uchaguzi, hata akikariri takwimu zote za kitabu.

Tuanze na mwaka 1958, maana hapo ndipo Mtanganyika wa kawaida alipopiga kura ya nchi nzima kwa mara ya kwanza. Nasema "wa kawaida" lakini neno hilo nalo lina mipaka. Ili uandikishwe ilikupasa uwe na miaka 21, tena uwe umesoma mpaka darasa la nane, au uwe na pato la pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au uwe na cheo kilichokubaliwa na serikali. Fikirini ni wakulima wangapi wa Ungoni, wenye jembe la mkono na shamba la tumbaku, waliopata shilingi 3,000 kwa mwaka siku hizo! Babu zetu wengi walitolewa nje ya uchaguzi ule kabla haujaanza, wala hakuna aliyewagusa kwa fimbo. Ilitosha sheria ya mistari michache.

Tena palikuwa na ile iliyoitwa kura tatu. Kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Akichagua mmoja tu, au wawili, karatasi yake iliharibika. Wakati huo Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, na Wazungu wapatao 20,000 tu, walakini kila kabila la rangi lilipewa theluthi moja ya viti 30 vya kuchaguliwa. Aliyeitunga kanuni hiyo alijua hesabu vizuri sana.

TANU ilipokutana Tabora mwezi Januari 1958, wanachama wengi walitaka chama kikatae kushiriki, kwa kuwa kanuni zilikuwa za dhuluma. Mwalimu Nyerere aliwashawishi waingie. Bwana Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuunda chama chake cha African National Congress. Twafundishwa kwamba Mwalimu alikuwa na busara, nami nakubali; lakini yafaa tuone busara hiyo ilikuwa nini hasa. Hakusema kwamba kanuni ni njema. Aliitazama kanuni ile mbaya, akaona mlango ambao mwenyewe aliyeitunga hakuuona: ikiwa Mwafrika analazimishwa kumchagua Mzungu na Mwasia, basi Mwafrika ndiye atakayeamua ni Mzungu gani na Mwasia gani. TANU ikawaunga mkono watu kama Bwana Derek Bryceson na Bibi Sophia Mustafa. Uchaguzi ulifanywa kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na chama cha UTP, kilichopendwa na serikali ya kikoloni, hakikupata hata kiti kimoja. Katika historia yetu yote ya uchaguzi, huu ndio ninaoupenda zaidi, maana kamba iliyosokotwa kwa ajili ya kumfunga mtu ilimfunga aliyeisokota.

Uchaguzi wa Agosti 1960 ulikuja upesi. Viti vilikuwa 71, na TANU ilichukua 70. Hilo kila mtu alijua. Lakini ni wangapi wajuao kwamba viti 58 kati ya hivyo havikupigiwa kura kabisa, kwa kuwa hakuna aliyesimama kushindana? Sisemi kwamba TANU isingeshinda. Ingeshinda, bila shaka yoyote. Nasema tu kwamba katika sehemu kubwa ya nchi matokeo yalijulikana siku ya kurudisha fomu. Na kile kiti kimoja kilichobaki? Kilikuwa cha Mbulu. Bwana Herman Sarwatt, ambaye mwenyewe alikuwa mwanachama wa TANU, alisimama peke yake dhidi ya mgombea rasmi wa chama, na watu wa Mbulu wakamchagua yeye.

Mkumbukeni Bwana Sarwatt, maana nitamrudia.

Sasa tuvuke bahari twende Unguja na Pemba, ambako somo hili limeandikwa kwa wino mzito zaidi. Mwezi Januari 1961 palikuwa na viti 22. Chama cha Afro-Shirazi kilipata 10, ZNP 9, na ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake, mojawapo ya hivyo 10, Afro-Shirazi ilikipata kwa kura moja tu. Kura moja! Wabunge watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda huku na mmoja kule, ikawa 11 kwa 11, na serikali haikuweza kuundwa. Ikabidi uchaguzi urudiwe mwezi Juni mwaka ule ule, na jimbo moja likaongezwa ili viti visigawanyike sawa. Uchaguzi ule wa pili ulifuatwa na ghasia, na watu 68 wakapoteza maisha. ZNP na ZPPP wakaunda serikali.

Kisha ukaja uchaguzi wa Julai 1963, wa mwisho kabla ya uhuru. Viti vilikuwa 31. Afro-Shirazi ilipata kura 54.2 kwa mia, yaani zaidi ya nusu ya wapiga kura wote wa visiwa viwili. Lakini ilipata viti 13 tu, na ZNP na ZPPP kwa pamoja wakapata 18. Walioshindwa kwa kura walishinda kwa viti, nao ndio waliokabidhiwa bendera ya uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Mwezi mmoja na siku mbili baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea Mapinduzi.

Rafiki yangu mmoja hakuamini nilipomweleza. Alidhani lazima kura ziliibwa. Basi nikamchorea mabweni yetu kwenye mchanga. Tuseme kuna mabweni matatu, kila moja lina wanafunzi 100, na kila bweni hutoa mjumbe mmoja. Katika bweni la kwanza Asha anapata kura 90, na Neema 10. Katika bweni la pili Asha anapata 45, Neema 55. La tatu vile vile, 45 kwa 55. Jumlisha: Asha ana kura 180, Neema ana 120. Lakini Neema ana wajumbe wawili, na Asha ana mmoja. Hakuna kura hata moja iliyoibwa. Ndivyo ilivyokuwa: Afro-Shirazi ililundika kura nyingi mno mahali pachache huko Unguja, na wapinzani wao walishinda kwa kura za kutosha, si za kupita kiasi, mahali pengi, hasa Pemba. Kwa hiyo yule anayechora mipaka ya mabweni ana kalamu nzito kuliko mpiga kura mia. Sidai kwamba Mapinduzi yalitokana na hesabu hii peke yake, maana palikuwa na mambo ya ardhi, ya rangi na ya utumwa wa zamani. Lakini mtu anayefundisha habari za Mapinduzi bila kuitaja 54.2 kwa mia anaficha ukurasa.

Wala tusidhani jambo hili ni la Afrika tu. Marekani, nchi inayopenda kuwafundisha wengine, mwaka 2000 Bwana Al Gore alipata kura zaidi ya nusu milioni kumpita Bwana George W. Bush, na Bush ndiye aliyekuwa Rais, kwa kuwa kwao kura huhesabiwa jimbo kwa jimbo. Mambo yaliishia katika jimbo la Florida kwa tofauti ya kura 537. Na majirani zetu wa Kenya mwaka 1957 walikuwa na kanuni ya ajabu: Mwafrika mwenye elimu, mali au cheo aliweza kuwa na kura mbili au hata tatu, na jirani yake akawa na moja, na mwingine hana hata hiyo.

Turudi Bara. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere na Bwana Mtemvu walishindania urais. Mwalimu alipata kura 1,127,978, Mtemvu 21,276. Yaani 98.15 kwa mia. Hao elfu ishirini na moja na ushee nami nawaheshimu, ijapokuwa nisingepiga kura pamoja nao. Walitaka karatasi iwe na majina mawili, na ikawa.

Baada ya hapo ikaja tume ya mwaka 1964 ya kutengeneza nchi ya chama kimoja, na mwenyekiti wake alikuwa Mzee Rashidi Kawawa, mzaliwa wa huku kwetu Ruvuma. Wanafunzi wengi hudhani kwamba katika chama kimoja hapakuwa na uchaguzi. Si kweli. Mwaka 1965 TANU ilisimamisha watu wawili katika karibu kila jimbo, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, wakazunguka pamoja katika mikutano ile ile, na wananchi wakachagua. Bwana Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa. Hebu fikirini: waziri mwenye ufunguo wa hazina ya nchi nzima anashindwa na mwenzake wa chama kile kile, tena chini ya chama kimoja. Wananchi walikuwa na meno. Hata hivyo majina yale mawili yalikwisha kupita kwenye mkutano wa wilaya na kwenye Halmashauri Kuu ya chama, na asiyependeza huko hakuyaona macho ya mpiga kura. (Na juu ya jembe na nyumba, mtu aweza kuuliza ni mkulima gani asiyependa jembe. Alama nayo ni kura kidogo.)

Kwa urais palikuwa na jina moja, na mpiga kura alisema Ndiyo au Hapana. Wazee wa hapa Mfaranyaki husimulia juu ya picha na kivuli: picha ni ya Mwalimu, na kivuli ni Hapana. Mwaka 1965 Ndiyo zilikuwa zaidi ya 96 kwa mia, na mpaka 1990, alipochaguliwa Mzee Mwinyi mara ya pili, hazikushuka chini ya 90 hata mara moja.

Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, na hapo pana jambo la kuchekesha kidogo. Tume ya Jaji Nyalali iliwauliza wananchi, na watu kama 80 kwa mia walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, ikiwasikiliza wale 20. Wengine husema hiyo ilikuwa kudharau wengi. Mimi naona ilikuwa haki, maana anayetaka kunyamaza hawezi kumkataza jirani yake kusema.

Lakini kanuni ziliendelea kuwa na nguvu zake. Katiba ya sasa humtaka mgombea awe mwanachama wa chama na asimamishwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila wa Ludewa, jirani zetu, aliipinga kanuni hiyo mahakamani kwa miaka mingi. Mahakama Kuu ilimpa haki. Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2010. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikamkubalia mwaka 2013. Naye alifariki mwaka 2015, na mpaka uchaguzi wa 2025 hakuna mgombea binafsi aliyeruhusiwa. Ndiyo kusema Bwana Sarwatt wa Mbulu, aliyeweza kusimama mbele ya Mwingereza mwaka 1960, asingeweza kusimama namna ile katika nchi huru. Jambo hili hunisumbua kuliko yote niliyoandika hapa.

Kuna na kanuni mbili nyingine ambazo wengi hawazijui. Mwaka 1995 ilimpasa Rais apate zaidi ya nusu ya kura. Mwaka 2000 Katiba ikabadilishwa, sasa atoshaye ni yule aliyewapita wengine, hata kama hakufika nusu. Tena Katiba, ibara ya 41, husema kwamba Tume ikisha kumtangaza Rais, hakuna mahakama yenye ruhusa ya kuuchunguza uchaguzi wake. Huko Kenya Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa Rais mwaka 2017. Malawi, ng'ambo tu ya Ziwa Nyasa, walifanya vivyo hivyo mwaka 2020, uchaguzi ukarudiwa, na mpinzani akashinda. Nchi haikuzama ziwani. Kwetu, mwenye shaka ya haki na mwenye shaka ya uongo wote hukosa mahali pa kuipeleka, na shaka isiyo na mahali pa kwenda hukaa barabarani.

Tarehe 29 Oktoba 2025 tulikuwa na uchaguzi mkuu. Tume ilitangaza kwamba Rais Samia Suluhu Hassan alipata 97.66 kwa mia. Chadema, chama kikuu cha upinzani, hakikuwa kwenye karatasi, kwa sababu kiliondolewa mwezi Aprili kwa kutotia sahihi kanuni za maadili ya uchaguzi. Siku ya kura zikazuka ghasia, na watu wakafa. Mimi sina umri wa kupiga kura, wala sikuandika makala haya ili nimhukumu mtu. Ila wekeni tarakimu hizi pamoja: 98.15 ya mwaka 1962, 96 ya mwaka 1965, 97.66 ya mwaka 2025. Zinafanana kama mapacha. Lakini ya kwanza ilikuwa na washindani wawili, ya pili ilikuwa picha na kivuli, na ya tatu nimeieleza. Tarakimu peke yake haisemi kitu, mpaka ujue nani alikuwamo na nani hakuwamo.

Najua watakuwapo wazazi watakaosema, "Watoto waacheni wasome, siasa si kazi yao." Naheshimu, walakini uchaguzi umo katika mitihani yetu ya Uraia na ya Historia, na mwaka 2030 karibu kila aliye kidato cha nne sasa atakuwa na haki ya kupiga kura. Kama tusipojifunza hapa, tutajifunzia wapi? Kijiweni?

Tena sisi wenyewe huchagua viranja. Wanaotaka ukiranja mkuu huchukua fomu, walimu huyachuja majina, kisha sisi hupiga kura kwa waliobaki, na jioni hutangazwa jina la mshindi. Kuchuja sikukatai. Aliyekamatwa akiruka ukuta usiku hafai kushika kengele ya kuamsha wenzake, na walimu wanajua mambo tusiyoyajua. Lakini ningependa masharti ya mgombea yabandikwe kabla fomu hazijatolewa, si baada. Ningependa aliyeondolewa aambiwe sababu yake, kwa siri ikibidi, ili asikae muhula mzima akijiuliza alimkosea mwalimu gani. Na ningependa kura zihesabiwe mbele ya mwanafunzi mmoja kutoka kila bweni, na hesabu yote ibandikwe, bweni kwa bweni, pamoja na kura za walioshindwa, na zilizoharibika pia.

Mwenzangu mmoja alisema kubandika kura za walioshindwa kutawaaibisha. Nilimwuliza kama Bwana Mtemvu aliaibika kwa 21,276 zake. Akasema hajui. Mimi nadhani aibu kubwa zaidi ni kupigiwa kura na watu 60 halafu isionekane popote kwamba watu hao walikuwapo.

Uchaguzi wa viranja utafanywa muhula ujao. Karatasi tatu na pini chache zatosha, na ubao wa matangazo uko pale pale mlangoni pa bwalo, ambapo kila mtu hupita mara tatu kwa siku akienda kula.